Wawili Huchafua Maji kama Watatu

Barua ya kodi ya maji imefika, na dada mmoja wa Marangu, Kilimanjaro, anayeishi Uholanzi amekasirika kweli. Zamani, akiishi peke yake, alitozwa kizio kimoja cha kusafisha maji taka. Sasa kuna mume ndani na hesabu imeruka hadi vizio vitatu. Si viwili, vitatu! Sheria ya huko haina kuulizana: mtu mmoja ni kizio kimoja, na kaya yoyote yenye watu wawili na kuendelea ni vitatu, wawe wawili au kumi. Mume ameshaonywa kuhusu muda anaokaa bafuni, ingawa haitapunguza hata senti.

Chini yake upo mstari mwingine: kodi ya mfumo wa maji. Hiyo hailipwi na wenye mashamba tu. Kila kaya hutozwa, hata mpangaji wa ghorofa ya nne ambaye kilimo chake chote ni kopo la mchicha dirishani. Fedha hizo huenda kwenye matuta ya kuzuia mafuriko, mifereji na pampu. Pia, kama alivyogundua aliposoma kipeperushi, huwalipa watu walioajiriwa kutega panya-maji wanaotoboa matuta.

"Shikamoo mjomba. Huku nalipia mitego ya panya!"

Marahaba ilichelewa, maana mjomba alikuwa anacheka.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mpangilio wenyewe una akili. Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, na bodi za maji zinazotoza kodi hizi zimekuwapo tangu Enzi za Kati. Ya Rijnland, yenye makao yake Leiden, ina mizizi katika karne ya 13. Mwaka 1950 zilikuwa zaidi ya 2,500, ndogo ndogo. Zimeunganishwa na kuunganishwa tena, leo zimebaki 21. Kila moja hukusanya kodi yake yenyewe na kwa hiyo haikai kusubiri fungu la wizara. Baada ya mafuriko ya Februari 1953 kuua watu 1,836 nchini humo, bodi hizo zilianzisha hadi benki yao, mwaka 1954, ili zikope kwa riba nafuu. Na wanaozitawala huchaguliwa kwa kura. Machi 2023 wananchi walipiga kura ya bodi za maji siku moja na ile ya mikoa. Wakulima na watunza mazingira wakabakiziwa viti vyao maalumu. Mgeni anayeishi kihalali naye hupiga. Dada wa Marangu alipiga, na ndiyo maana hasira yake haina pa kwenda.

Halafu kuna ukaguzi wa vuli. Mwenye ardhi inayopakana na mtaro lazima awe ameufyeka na kuutoa matope kabla wakaguzi hawajapita. Asipofanya, bodi hufanya na kumletea bili.

Lakini hilo mbona Marangu lilikuwepo! Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ulikuwa na mkuu wake, siku ya kuzibua ilitangazwa, na asiyetokea alitozwa mbege, pombe ya ndizi. Babu yake dada huyu alikuwa mtu wa mfongo hasa, akijua zamu ya maji ya kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani, bila daftari. Hakuna aliyemwita mtaalamu wa uhifadhi.

Kisha ikaja serikali na karatasi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa 1991, vikafuata vibali na ada, na wenye mifongo wengi wakakataa: maji ni ya Mungu, mfereji tumechimba wenyewe, ada ya nini? Sheria ya 2009 imezitambua jumuiya za watumia maji, sawa. Ila kati ya jumuiya na fedha kuna mlima. Miradi ya wafadhili huja na semina, miche na fulana. Mfadhili akiondoka, hubaki kibao chenye kutu.

Kenya angalau walijaribu kitu. Kuanzia karibu 2010, watumia maji wa Ziwa Naivasha, wakiwamo wakulima wa maua, waliwapa wakulima wa juu, bonde la Malewa, vocha za pembejeo ili wapande miti na kuacha ukanda wa majani unaozuia udongo kuporomoka. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini aliyelipa alijua analipa nani na kwa kazi gani. Na maua hayohayo mengi huuzwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi.

Dada alipomweleza mjomba, naye akaja na lake. Maji ya Kilimanjaro hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme pale, kisha Hale, kisha Pangani. Umeme huo unauzwa.

"Sasa wewe msomi," akasema, "katika hizo fedha za huko chini, shilingi ngapi hupanda kurudi kwa anayelinda chemchemi huku juu?"

Dada alianza kujibu kuhusu bajeti za mabonde. Mjomba akamkatiza: hakuuliza kuhusu bajeti, ameuliza shilingi ngapi.