Wimbo nao ni urithi

Kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, shamba lina ukoo wake, na watoto huonyeshwa mpaka mapema. Wimbo hauna mpaka wa kuonekana.

Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Nyimbo zake bado zinapigwa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, yaani hadi wajukuu. Lakini haki zikishauzwa kwa mkataba, familia hubaki kusikiliza redioni tu. Anayetaka kuzirudisha huulizwa karatasi kwanza.

Mzazi, kijana wako anatengeneza midundo kwenye kompyuta? Kabla hajasaini, someni mkataba pamoja. Nakala iwekeni na hati ya shamba.