Safari Yetu ya Mara na Chungu cha Mama

Tulipotoka Mwanza siku ya Ijumaa baada ya sala, hatukuwa na shughuli yo yote ya kutupeleka mkoa wa Mara isipokuwa kula. Twalisema hilo wazi, asije mtu akadhani tulikwenda kuhubiri au kufanya biashara. Tulikuwa watu sita, wanaume wanne na wake wawili, marafiki wa miaka mingi. Na mmoja wetu, fundi cherehani, ni mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Butiama. Yeye ndiye aliyetualika. Kwa muda mrefu alikuwa akitusifia samaki wa Musoma na ugali wa kwao, hata tukachoka kushiba maneno, tukakodi gari.

Njia hupita Magu na Lamadi, kisha huambaa na Hifadhi ya Serengeti penye lango la Ndabaka, hata kufika Bunda. Hapo tulisimama kidogo tu, tukanywa chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, alitafuna kipande akauliza kama hicho ni chakula au ni jaribio la meno. Tulicheka, tukaendelea, tukaingia Musoma jua likizama ziwani.

Mji wa Musoma umekaa juu ya ulimi wa nchi ulioingia katika Ziwa Victoria. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tuliteremka Mwigobero kuwapokea wavuvi. Ilikuwa mwishoni mwa Mfungo Pili, na wenye kuijua kazi ya dagaa watafahamu kwa nini tulikuta neema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, nao dagaa huifuata nuru hata wakazungukwa na wavu. Mbalamwezi ikikomaa, taa hushindwa, na wavuvi hupumzika. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi hutumia nguvu za jua. Ilitupendeza kuona kwamba mwezi ule ule tunaouandamia kwa saumu na Hija, watu hawa wanauhesabu kwa ajili ya chungu.

Tulinunua sato wawili wakubwa, wakachomwa mbele yetu kwa chumvi na ndimu, tukawala kwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Ugali huo ni mweusi kidogo na una uchachu. Anayeuonja mara ya kwanza husita, na tonge la tatu humfungua. Mzee mmoja muuza samaki alitueleza kuwa utotoni mwake samaki wa nyumbani walikuwa ngege, ningu na furu. Sangara, ambaye leo hupelekwa hata Ulaya, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1980 furu walipungua mno, maana aliwala. Mzee alisema sangara ni nyama nzuri, ila hana ladha ya utoto. Hatukuwa na la kumjibu.

Jumapili tulikwenda Butiama. Tulifika kwanza Mwitongo, penye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, tukatazama na makumbusho yake. Kisha tukaenda kwa mama wa mwenzetu, na hapo ndipo penye habari tuliyokusudia kuwaandikia.

Mwenzetu alisilimu Mwanza miaka sita iliyopita, mbele yetu. Sisi ndio tuliomfundisha kutawadha na kusali, na sisi ndio tuliomwambia ajizuie na nyama asiyoijua mchinjaji wake. Mama yake si Mwislamu. Alitupokea kwa vigelegele, tukamwamkia, akatupa viti chini ya mwembe, na harufu ya kuku ikatujia kutoka jikoni. Tulimtazama mwenzetu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Mmoja wa wake zetu aliingia jikoni kusaidia. Alikuta chungu kikitokota juu ya mafiga, na pembeni kijungu kingine kidogo chenye majani na mizizi. Alipouliza, mama akamwambia, "Hiyo ni dawa ya mwanangu. Tangu alipohamia Mwanza tumbo lake halipokei nyama. Kila akija namchemshia, anywe kwanza, na bado hawezi kula."

Dada yetu alitoka nje akatueleza kwa sauti ndogo. Miaka sita! Kila alipokwenda kwao mwenzetu alisingizia tumbo, akanywa dawa chungu asiyoihitaji, naye mama akaenda kuchimba mizizi mingine. Tulimwuliza kwa nini. Akasema aliogopa mama asije akadhani kwamba dini mpya imemfundisha kukinai chungu kilichomlea. Tuliona haya. Tulikuwa tumemfundisha cha kuacha, wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyempa neno la kwenda kumwambia mama yake.

Palizuka shauri hapo chini ya mwembe. Mmoja alisema wanavyuoni wamelijadili sana suala la chakula cha Watu wa Kitabu, basi tule tusimvunje moyo mama. Mwingine akasema hata tukila, uwongo utabaki ulivyo. Mwenzetu hakungoja tumalize. Aliinuka akaingia jikoni, nasi tukasikia sauti yake, kisha kimya kirefu.

Mama alipotoka alikuwa amekunja kitenge mkononi. Hakutazama sisi, alimtazama mwanawe. "Dini yako sikuikataa," alisema. "Ulipobadili jina nililijifunza. Lakini nimekuwa nikilala nikidhani una donda tumboni, nitakuzika. Ungaliniambia, ningalikupikia samaki. Ziwa si lile pale?"

Mwenzetu alipiga magoti akamwomba radhi. Mama hakujibu upesi. Alimwita mtoto wa jirani, akampa kile chungu cha kuku akawapelekee kwao, kisha akamwaga ile dawa nyuma ya nyumba mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka tone la mwisho.

Tulikula alasiri. Dagaa wa kukaanga kwa nyanya na kitunguu, mgagani uliopikwa kwa maziwa, ugali wa ulezi, na maziwa ya mgando kutoka kibuyuni. Tumekula karamu nyingi mijini. Hiyo hatujaipatia mfano. Mama alikaa mbele ya mwanawe akihesabu matonge yake kwa macho, na kila alipopunguza mwendo akamwongezea, bila kusema neno. Radhi aliitoa tulipokuwa tukinawa, kwa sauti ndogo, nasi tukajitia hatusikii.

Wakati wa kuondoka alileta jogoo mzima, amefungwa miguu, akamkabidhi mwanawe. "Huyu kamchinje wewe," akasema, "na mara nyingine uje na kisu chako." Tulimweka miguuni pa mwenzetu ndani ya gari. Tulipokaribia Bunda, giza likiingia, jogoo akawika, na yule rafiki yetu wa pwani akasema huyu hajui saa. Mwenzetu hakucheka. Alikuwa amemwekea mkono mgongoni, akitazama dirishani, njia nzima hadi Mwanza.