Kujifunza Kikorea tukiwa seminarini



Wapendwa wasomaji, tangu mwaka jana baadhi yenu mmekuwa mkituuliza swali moja: mafrateri watatu wa falsafa, wenye Kilatini cha kukariri, mantiki ya Aristotle ya kuelewa na Kiingereza cha kujibia mitihani, wanatafuta nini kwenye Kikorea? Wengine mmeuliza kwa utani, mkidhani tumenaswa na zile tamthilia zinazotafsiriwa na kuuzwa mitaani. Wengine mmeuliza kwa uzito zaidi: kwa nini msijifunze kwanza lugha za wazee wanaokuja kuungama parokiani? Maswali yote mawili ni halali, na leo tunajaribu kuyajibu.

Tulianza kwa sababu ya mtakatifu. Kila tarehe 20 Septemba Kanisa huwakumbuka Andrea Kim Taegon, padre, Paulo Chong Hasang na wenzao, mashahidi wa Korea. Kim aliondoka kwao mwaka 1836 akiwa na miaka 15, akaenda Macau kusomea upadre. Alipewa daraja mwaka 1845 huko Shanghai, akiwa Mkorea wa kwanza kuwa padre, na aliuawa tarehe 16 Septemba 1846. Alikuwa na miaka 25, umri tulio nao sisi sasa. Mtu akisikia hivyo wakati bado ana miaka mingi ya malezi mbele yake, hawezi kuendelea na chakula cha jioni kana kwamba hajasikia kitu.

Kadiri tulivyosoma habari zao, ndivyo tulivyoshangaa. Kanisa la Korea halikuanzishwa na mmisionari. Lilianzishwa na wasomi walei waliopata vitabu vilivyoandikwa kwa Kichina na Wajesuiti wa China, akiwemo Matteo Ricci, wakavisoma na kujadiliana. Mwaka 1784 mmoja wao, Yi Seung-hun, alibatizwa Beijing kwa jina la Petro, akarudi kubatiza wenzake. Ilipita karibu miaka kumi kabla padre wa kwanza, Mchina Zhou Wenmo, hajafika kwao. Kwa maneno mengine, walijifundisha wenyewe. Tukaambiana: kama wao walijifundisha imani nzima kwa vitabu, sisi tunashindwa nini kujifundisha herufi zao?

Herufi zenyewe ndizo zilizotuvuta ndani. Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, kwa sababu watu wake wa kawaida hawakuweza kusoma alama za Kichina. Za msingi ni 24 tu: konsonanti 14 na irabu 10. Konsonanti zimechorwa kufuata mdomo. Herufi ㄱ ni ulimi ulioinuka nyuma kuziba koo, ㄴ ni ncha ya ulimi ikigusa juu nyuma ya meno, na ㅁ ni kinywa kilichofumbwa. Irabu zimejengwa kwa alama tatu: nukta ya mbingu, mstari uliolala wa ardhi, na mstari uliosimama wa mwanadamu. Kwa mwanafunzi wa falsafa huu ni utamu mtupu. Kwa wiki mbili, nusu saa kila usiku kabla ya ukimya mkuu, tulizijua zote.

Baada ya hapo mlima ukaanza. Kikorea kina sauti tatu pale ambapo masikio yetu yanasikia moja au mbili. Dal ni mwezi wa angani, tal ni kinyago, na ttal ni binti. Mwenzetu wa Tanga ndiye aliyetuokoa, kwa kuwa Kiswahili cha pwani bado kinatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka baada ya "p". Alituweka kiganja mbele ya mdomo tuhisi hewa. Mwenzetu wa Bukoba alicheka mpaka machozi, lakini kiganja hakukitoa.

Hesabu nazo ni mbili. Wakorea wana namba zao za asili na namba zilizotoka Uchina, na wakitaja saa hutumia zote: saa kwa namba za asili, dakika kwa namba za Kichina. Tulilalamika hadi tulipokumbuka kwamba hata sisi tunahesabu moja hadi tano kwa Kibantu, kisha tunachukua sita na saba kutoka Kiarabu, tunarudi nyumbani kwenye nane, tunaondoka tena kwenye tisa. Hakuna aliyewahi kutuonea huruma kwa hilo.

Wamarekani wanaofundisha mabalozi wao lugha wanakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 darasani ili akimudu Kikorea. Kwa nusu saa zetu za kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 12. Kabla ya kufika huko, kwa neema ya Mungu, tutakuwa mapadre wa siku nyingi. Tulipopiga hesabu hiyo tulikaa kimya. Kisha tukakubaliana kwamba hatutafuti kukimudu. Tunatafuta kiasi cha kuweza kusali.

Na katika sala ndipo lugha hii ilipotufundisha jambo. Sisi tunaanza ishara ya msalaba kwa kusema "Kwa jina". Mkorea anaanza na Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, halafu ndipo anasema "jina", na lile "kwa" linakuja mwisho kabisa, limeshikamana na neno lenyewe. Kitenzi pia hukaa mwisho wa sentensi na hubeba heshima: namna unavyokimalizia ndiyo inayoonyesha kama unasema na mdogo wako au na mzee. Mwisho wa cheo huongezwa nim: padre ni sinbunim, sista ni sunyeonim, na Mungu, kwa Wakatoliki, ni Haneunim, kutoka neno lenye maana ya mbingu. Katika Baba Yetu hawamwambii Mungu "wewe". Pale tunaposema jina lako na ufalme wako, wao husema jina la Baba, ufalme wa Baba. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tulielewa mara moja kwamba kumtaja Baba tena na tena si kujirudia bure.

Mpaka hapo Kikorea kilikuwa jambo letu na daftari letu. Kisha Sista akaugua.

Wengi wenu mnamfahamu, kwa hiyo hatutamtaja jina. Alikuja nchini kijana, akahudumu zahanati kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: chepesi, chenye utani, chenye kukemea mama asiyemaliza dawa ya mtoto. Alipopata kiharusi alinusurika, lakini maneno yalipoanza kurudi, yalirudi ya Kikorea peke yake. Masista wenzake walimwosha, walimlisha na kumgeuza kitandani kwa upendo ambao tumeuona kwa macho yetu, ila hakuna aliyejua anasema nini. Kuna mmoja aliyetoka chumbani akilia akasema, "Anatuomba kitu, na hatukijui."

Padre Gombera alituruhusu kwenda kila Jumamosi alasiri. Tulikuwa na maneno kama mia mbili, mengi yake ya chakula, namba na salamu. Tulimsalimia, "Sunyeonim," na akageuza kichwa. Tuliweza kutambua maji, mguu, maumivu, dirisha. Mengine yalitupita. Lakini juu ya meza palikuwa na kitabu chake cha sala, kimechakaa pembeni, na hizo herufi 24 tulikuwa nazo. Basi tukakifungua na kusoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, kama watoto wa darasa la kwanza.

Sehemu kubwa ya tulichosoma hatukukielewa. Yeye alielewa. Midomo yake ilitutangulia. Tulipofika kwenye Roho Mtakatifu tukasoma kama palivyoandikwa, seong-ryeong, akainua kidole cha mkono mzima na kukiacha hewani. Tukarudia, kidole hakikushuka. Akatamka mwenyewe, kwa taabu: seongnyeong. Sauti moja hugeuka inapokutana na nyingine, kanuni ambayo daftari letu halikuwa nayo. Tukasema hivyo, kidole kikashuka, tukaendelea. Kuanzia Jumamosi ile tulikuwa na mwalimu.

Darasani tulikuwa tunasoma hoja ya John Searle ya mwaka 1980. Anatuambia tumfikirie mtu aliyefungiwa chumbani na alama za Kichina asizozijua, anayezipanga kwa kufuata kanuni hadi walio nje wanadhani anajua Kichina, kumbe haelewi neno hata moja. Searle anataka kuonyesha kwamba kupanga alama si kuelewa, na tunakubaliana naye. Sisi wenyewe tulikuwa mtu huyo, tumeketi kwenye viti vya plastiki na kitabu mikononi. Ila katika chumba chetu palikuwa na jambo ambalo mfano wake hauligusi: maana haikuwa imepotea kwa sababu msomaji hakuwa nayo. Ilikuwa kwa aliyelala kitandani, na ilihitaji mtu wa kuipa sauti tu. Tumejiuliza mara nyingi tangu hapo ni sala ngapi tutazisoma tukiwa mapadre, mbele ya watu wanaozielewa kuliko sisi kwa sababu wameteseka kuliko sisi.

Baada ya miezi mitano shirika lake lilimrudisha Korea, karibu na ndugu zake. Hatuna hakika kama anatukumbuka. Hilo si kazi yetu.

Sasa tujibu lile swali zito. Ni kweli, parokiani wako bibi ambao Kiswahili chao ni cha kuombea chumvi, na wanapougua hurudi kwenye lugha ya mama kama Sista alivyorudi kwenye yake. Kikorea hakikutuondoa kwao. Ndicho kilichotuonyesha chumba chao. Mwenzetu wa Bukoba alipokwenda likizo alimwomba bibi yake amfundishe kusali kwa Kihaya, lugha aliyokuwa akiisikia tu bila kuisali. Mwaka huu kila mmoja wetu ameandika katika daftari lile lile, upande wa pili, sala za kumwombea mgonjwa kwa lugha moja ya kwetu.

Kwa anayetaka kuanza, iwe Kikorea au lugha nyingine, tunayo machache tuliyoyaona yanafaa. Anza na herufi zenyewe, usizoee kuandika kwa herufi zetu, maana zitakuficha sauti. Soma kwa sauti. Chagua saa moja ya siku na uilinde. Jifunze mapema maneno ya mgonjwa: maji, baridi, maumivu, asante. Na mtafute mtu, hata mmoja, ambaye lugha hiyo ni ya mama yake.

Tarehe 20 Septemba, baada ya Misa ya asubuhi, tutasali Baba Yetu kwa Kikorea kwa ajili ya Sista na wagonjwa wote walio mbali na lugha yao. Neno lenyewe "misa" Wakorea wanalitamka kama sisi, kwa hiyo mmeshaanza. Karibuni.