Nilisema "safi, pitisha"

Nimekuwa kimya kidogo. Pilikapilika za chumba cha habari mnazijua. Leo nina kisa kifupi, na aliyeteleza ndani yake ni mimi.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ametengeneza programu ndogo ya kutunza alama za wanafunzi, na anaigawa bure kwa walimu. Toleo jipya likiwa tayari, kuna skripti inayokusanya mafaili na kuyafunga katika kifurushi kimoja. Skripti hiyo ilikuwa inasahau faili la maelekezo, mtu akamtumia marekebisho. Rafiki yangu akanigeuzia laptopu: "Kaka, wewe kazi yako kusoma. Hebu pitia na wewe."

Nikapitia. Zamani skripti ilitaja kila faili kwa jina; sasa imeambiwa ichukue chochote kilichomo kwenye folda. Tukaijaribu, faili la maelekezo likatokea. Nikasema, "Safi, pitisha," mkono wangu ukiwa tayari kwenye kikombe cha chai.

Yeye hakupitisha. Alifungua kifurushi chenyewe, akapitia faili moja baada ya jingine. Mle ndani mlikuwa na majina na alama halisi za wanafunzi wa shule moja. Mwalimu wao alikuwa amemtumia alipokwama, faili likabaki kwenye folda ileile. Kidogo tu tuligawe kwa kila mtu.

Nikakumbuka kisa cha XZ Utils cha Machi 2024. Kipande kilichoamsha ule mtego hakikuwamo kwenye hazina ya wazi ambayo yeyote anaweza kuikagua. Kilikuwamo ndani ya vifurushi vya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliufichua baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kule kulikuwa na hila. Kwetu kulikuwa na nia njema tu. Lakini mlango ni uleule: kinachokaguliwa sicho kinachotoka.

Na mimi mtu wa gazeti ndiye niliyepaswa kulijua hilo. Mhariri anapitisha habari yangu jioni, usiku kichwa kinabadilishwa, asubuhi msomaji ananunua kilichochapwa. Nimelalamika mara ngapi? Siku nilipopewa mimi kukagua, nilisoma mstari uliobadilika nikaishia hapo.

Tulirudisha orodha ya majina, tukaongeza lile faili lililosahaulika. Sasa skripti ikikuta faili lisilo kwenye orodha, inagoma. Lile la wanafunzi tulilifuta.

Wale watoto hawanijui. Hawatajua kwamba siri yao ilibaki salama kwa sababu kuna mtu hakuniamini.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.