Walisema Injini Imekufa

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wanawake wenzangu walioachiwa mali wasiyoifahamu, na kwa yeyote ambaye fundi amewahi kumtikisia kichwa na kumwambia, "Hapa hakuna kitu tena." Mali yangu ilikuwa gari, Mazda RX-8 jekundu la milango minne, ile miwili ya nyuma ikifunguka kinyume. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alilinunua likiwa limeshatumika Japani. Alipofariki aliliacha uani kwetu Sahare, Tanga, karibu kabisa na bahari. Aliacha pia watoto watatu na deni la matibabu.

Nianze na deni, maana ndilo lililonifanya niling'ang'anie gari. Figo zilimsumbua muda mrefu. Safari za Dar es Salaam kwenda kusafishwa damu zilimaliza akiba yote, kisha tukakopa kwa ndugu, kwa majirani na kwenye vikoba vyetu. Kwa sheria ya dini yetu, katika mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kinachosalia ndicho cha warithi, na mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni. Gari lile likiuzwa vizuri, deni linakwisha na watoto wanapata chochote. Likienda kwa bei ya chuma chakavu, watoto hawaambulii kitu, na mimi naendelea kupishana na wadai wangu kila nikienda sokoni.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Masika yakanyesha, kusi ikavuma, na hewa ya chumvi ikafanya kazi yake. Kule kwetu hata bawaba za madirisha hazichelewi kula kutu. Gari halikuwa na safari. Shemeji yangu, ambaye kikao cha ukoo kilimpendekeza kuwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha, alikuwa akiliwasha ili kulisogeza mita chache tu, wageni wapate pa kukaa, kisha akilizima. Alifanya kwa wema. Muda si mrefu likaanza kuwaka kwa shida. Ufunguo unazungushwa, stata inajivuta, wuu... wuu... wuu, harufu ya petroli inajaa uani. Likija kuwaka linatoa moshi mpaka jirani anafunga madirisha. Na likishapata moto, ukilizima hulipati tena mpaka lipoe.

Gereji moja mjini ikamtuma fundi. Alifungua plagi, akapima kompresheni kwa geji aliyozoea kupimia magari mengine, akaandika "5.6" kwenye kipande cha karatasi. Akasema injini imekufa, dawa ni kutafuta nyingine. Habari zina miguu. Haukupita muda dalali akabisha hodi na shilingi milioni tatu mkononi. Shemeji akaniambia, "Shem, chukua. Kila siku inayopita ndivyo linavyozidi kuoza." Nikamwomba anipe mwezi mmoja. Hakupenda, lakini alinipa.

Kilichonitia moyo ni maneno ya marehemu mwenyewe. Gari lile alikuwa akilisimulia kila mgeni. Kwamba kadi yake inasema 1,308 cc, karibu sawa na kigari kama IST, lakini ndani hamna pistoni hata moja. Kwamba injini za aina hiyo zilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na Mazda wakaanza kuuza gari lao la kwanza la namna hiyo mwaka 1967. Kwamba mwaka 1991 Mazda 787B yenye injini ya rota ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa. RX-8 yenyewe ilitoka mwaka 2003 na ikaacha kutengenezwa 2012. Akishamaliza hadithi alikuwa akichomoa kijiti cha oili, akakifuta na kukisoma mbele ya mgeni. "Hili linakula oili kwa makusudi," alikuwa akisema. "Usipoipima, limekufia."

Wakati ule nilikuwa nasikiliza kwa adabu tu. Sasa ilibidi nielewe. Ndani ya injini ile mna rota mbili zenye umbo la sambusa iliyotuna pande zake. Kila rota inazunguka ndani ya chumba chake, na kila ncha ina sili, kijiti chembamba cha chuma kinachozuia mgandamizo usivuje kwenda upande wa pili wa rota. Pampu maalumu hurushia oili kidogo humo ndani ili sili zisisagike. Sili zikiisha, mgandamizo unavuja; mgandamizo ukivuja, gari haliwaki, hasa likiwa la moto. Aliyesema injini imekufa hakuwa ametunga. Ugonjwa wenyewe upo, na unajulikana hata kwa waliolitengeneza: kule Marekani, Mazda ilirefusha dhamana ya injini za RX-8 nyingi hadi miaka 8 au maili 100,000. Swali langu lilikuwa kama hili langu ndilo lenye ugonjwa huo.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Makorora, fundi wa umeme wa magari, mtu wa gereji bubu chini ya mkungu. Nilimkuta akisuka waya za fuso. Nikamsalimu, nikamweleza, nikampa kile kipande cha karatasi. Alikisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Mwanangu," akasema, "aliyepima hapa aliandika stata ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Hapana, mzee wangu."

"Basi hii 5.6 haijasema kitu bado."

Akanieleza kwamba kompresheni hupatikana kwa mzunguko. Stata ikizembea, hata injini nzima itatoa namba ndogo. Tena geji ile ya kawaida ina vali inayoshika upepo, kwa hiyo inaonyesha upande mmoja tu wa rota, ule wenye nguvu zaidi, na hizo pande mbili nyingine huzioni. "Kwanza tumpe mgonjwa damu," akasema, "ndipo tumpime."

Alikuja Sahare asubuhi, baada ya betri kulala kwenye chaji. Kijana wangu wa kidato cha pili alikaa kwenye usukani, mimi nikashika daftari. Mzee alibandika mita kwenye betri: 12.6, betri imejaa. Akamwambia kijana apige stata. Stata ikajivuta vilevile, lakini mita haikushuka chini ya 11.3. Mzee akacheka. Betri iliyochoka, alisema, hapo ingeanguka hadi tisa na ushee. Hii haijachoka kwa sababu haijafanya kazi. Akahamisha ncha za mita, moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye chuma cha injini chenyewe. "Piga!" Mita ikasoma 1.7.

"Andika hapo," akaniambia. "Hapa panatakiwa pawe chini ya nusu volti. Umeme wako unaishia njiani."

Akaufuata kwa mikono ule waya mweusi wa ethi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Akauchana plastiki kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Aliukung'uta kiganjani, nao ukamwagika. Kwenye bodi, pale waya ulipofungwa, chini ya nati palikuwa na kutu nene. Akapakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaweka waya mpya mnene, wa aina ile inayotumika kwenye mashine za kuchomelea, na kichwa cha shaba kilichobanwa sawasawa, kisha akapaka grisi juu kuzuia chumvi. Alipopima tena, ile 1.7 ilikuwa 0.2. Stata ilipopigwa, mlio ulibadilika, wuwuwuwu, mpaka kijana wangu akatoa kichwa dirishani. Kwenye kimashine cha mzee cha kuchomeka chini ya usukani, mzunguko uliokuwa mara 190 kwa dakika ulikuwa umepanda hadi 240 na kitu.

Lakini halikuwaka.

Akafungua plagi. Zipo nne, mbili kwa kila rota, na zote zilikuwa nyeusi na zimelowa petroli. Hapo ndipo madhara ya kule kulisogeza uani yalipojieleza. Injini ya rota ikiwashwa ya baridi humwagiwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inabaki ndani na kuosha oili kwenye sili. Mara nyingine unapoiwasha, sili kavu hazibani vizuri, unaongeza petroli juu ya petroli. Shemeji alikuwepo akisikia. Mzee akamwambia kwa upole, "Gari hili ukishaliwasha, liache mpaka sindano ya joto ifike katikati. Kama ni kulisogeza tu, lisukumeni."

Kabla ya kurudisha plagi alitaka kusikiliza. Akazima njia ya petroli na ya moto, akaacha tundu moja la plagi wazi, akamwambia kijana akanyage mafuta mpaka chini na kupiga stata. Upepo ukatoka tunduni kwa mapigo: paf-paf-paf, paf-paf-paf. Rota ina pande tatu, na kila upande una pigo lake. Sili moja ikivunjika, utasikia mapigo mawili legevu, kwa sababu kila ncha inahudumia pande mbili. Tulisikiliza rota ya mbele, kisha ya nyuma. Mapigo yalilingana. Mzee hakusema kitu, alinitazama tu, nami nikaenda ndani kulia kidogo.

Tukadondoshea oili kidogo matunduni, tukafunga plagi mpya. Likawaka kwa mtetemo na moshi mweupe, kisha likatulia. Zilibaki kasoro mbili. Koili mbili kati ya nne zilikuwa zikitoa moto hafifu, jambo la kawaida kwa RX-8. Spea zake Tanga ni za kutafuta kwa tochi, tukaagiza Dar, zikaja kwa basi. Na likiwa la moto bado lilichelewa kidogo. Hilo mzee alilitegemea: stata za matoleo ya mwanzo zilikuwa dhaifu, baadaye Mazda wenyewe wakatoa yenye nguvu zaidi. Tulipata hiyo ya baadaye, iliyotumika. Baada ya hapo hata jua la saa saba likiwaka, ukizungusha ufunguo linaitikia.

Mzee alichukua hela ya vifaa tu. Ya ufundi alisema nitampa gari likiuzwa.

Sikutaka kuuza kwa maneno. Shemeji aliliendesha hadi Dar es Salaam, kwa fundi mwenye kipimo maalumu cha injini za rota, kinachosoma pande zote sita na kurekebisha namba kwa mzunguko wa 250 kwa dakika. Injini mpya hutakiwa kutoa 8.5, na chini ya 6.9 Mazda wanahesabu imekwisha. Yetu ilitoa kati ya 7.0 na 7.3. Injini ya makamo, yenye miaka yake, lakini hai.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Arusha anayelijua gari hilo kuliko mimi. Nilimpa karatasi ya kipimo, daftari langu lote na ule waya wa zamani aone mwenyewe. Nikamwambia wazi kwamba namba zile ziko karibu na ukingo, apime oili kila anapojaza petroli, asilizime la baridi. Alinunua kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya dalali. Madeni yalilipwa yote, mzee wa Makorora akapata haki yake, kisha mirathi ikagawanywa. Kwa ridhaa ya msimamizi, fungu langu na mafungu ya watoto tuliyaweka pamoja tukanunua kirikuu. Msimu wa machungwa linabeba mzigo kutoka Muheza, siku nyingine linahamisha vyombo vya watu, na ada za shule zinatoka humo. Betri yake na waya wa ethi navikagua mwenyewe. Alhamdulillahi.

Kwa mwenzangu aliye kwenye msiba na watu wanamharakisha auze, nasema hivi: omba muda, na kila unachoambiwa kiandike. Shamba, mashine ya kusaga, gari au ngalawa, mtu akikwambia imekufa mwulize imetoa namba gani, ilitakiwa itoe ngapi, na alipima katika hali gani. Fundi wa kweli hachukii swali hilo. Asiyeweza kulijibu, mshukuru kwa kufika, na usimuuzie.