Salamu za Chalbi

Ukitaka kujua thamani ya salamu, safiri peke yako kwa pikipiki mahali ambapo nusu siku inaweza kupita hujaonana na mtu. Mimi nilitoka Isiolo kwenda Marsabit, nikauteremka mlima upande wa pili hadi jangwa la Chalbi, kisha nikaambaa nalo kupitia Maikona, Kalacha na North Horr mpaka Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Nimejifunza mengi katika safari hiyo, lakini kubwa kuliko yote ni hili: salamu ni kazi, na asiyekuwa tayari kuifanya kazi hiyo hafiki mbali.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita 500 hivi, sasa ni lami tupu. Watu wazima wa kaskazini ya Kenya wanaikumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo. Magari yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa askari, abiria wakapanda juu ya malori ya ng'ombe na kukaa siku mbili tatu njiani, nyuso zikiwa nyeupe kwa vumbi. Leo ukitoka Isiolo alfajiri, unapita Archer's Post, unauona mlima wa Ololokwe umesimama wima kando ya njia, unapita Merille, Laisamis na Logologo, na adhuhuri unakunywa chai Marsabit. Hiyo ni neema kubwa, na waliozaliwa huko wanastahili kuifurahia. Ila lami humwezesha mtu kupita vijiji vizima bila kusimama. Watoto hupunga mikono, msafiri hupiga honi, basi. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Baada ya Marsabit, ukielekea Chalbi, lami unaiacha. Hapo ndipo unapohesabu mali yako upya: petroli ya ziada kwenye jerikeni, maji, tyubu, viraka na gundi, pampu ya mkono, plagi, waya wa klachi. Kutoka hapo hadi North Horr ni takriban kilomita 200 za mawe meusi ya volkano, vumbi na mchanga, na petroli utakayoipata mbele ni ya kupimiwa kwenye chupa. Mwenye duka aliyeniuzia maji aliniuliza nakwenda wapi, nitalala wapi, na nani anajua. Akaandika namba yangu ya simu ukutani kwa kalamu, kando ya namba za wengine. "Ukifika, piga," akasema. "Usipopiga, nitauliza madereva." Sikumwomba afanye hivyo. Kwake yeye mtu hauziwi maji bila kuulizwa habari zake.

Pikipiki kwenye mchanga ina adabu zake. Unapunguza upepo wa tairi ili likae pana juu ya mchanga, unasimama juu ya vikanyagio, unabana tangi kwa magoti na kuuachia usukani ucheze kidogo. Breki ya mbele huigusi. Ukiogopa na kupunguza mwendo ghafla, gurudumu la mbele linazama na unaanguka. Ukienda kwa kasi ya kuonyesha ubabe, unaanguka vibaya zaidi. Jicho nalo lina kazi yake: unatazama mbali, pale unapotaka kufika, kwa sababu chombo hufuata jicho. Hayo yote anaweza kufundishwa mtu yeyote mjini, kwenye uwanja wenye mchanga. Ila hakuna uwanja utakaokufundisha ni njia ipi ya kufuata pale njia zinapokuwa kumi, zote zimechorwa na magurudumu juu ya ardhi ileile.

Karibu na Maikona nilikuta kisima. Ngamia walikuwa wamepangwa kwa zamu, mmoja wao akiwa na kengele ya mti shingoni, na vijana waliokuwa ndani ya kisima wakipandisha maji kwa ndoo, mkono hadi mkono, huku wakiimba ili wasipoteze mwendo. Ngamia anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akatembea; akifika kisimani anakunywa zaidi ya lita 100 kwa mkao mmoja. Ndiyo maana zamu ya kunywesha haiharakishwi. Nilizima injini mbali kidogo ili wanyama wasishtuke, nikavua helmeti, nikasogea kwa miguu. Mzee mmoja wa Kigabra aliyekuwa akisimamia zamu akanipokea kwa mkono.

"Amani?" akauliza.

"Amani, mzee."

"Watu wa Marsabit amani? Mifugo amani? Njia ina amani?"

Nikajibu moja baada ya jingine. Kisha maswali yakaingia ndani zaidi. Mawingu nimeyaona upande gani? Nyasi za huko nilikotoka zina rangi gani? Nimekutana na ngamia wangapi, na aliyekuwa nao alikuwa anaelekea wapi? Nilijikuta narudia barabara yote kichwani, nikitafuta nilichokiona bila kukitazama. Nilikumbuka wingu zito juu ya vilima vya Huri, na kijana aliyekuwa anaswaga mbuzi kuelekea huko. Mzee akageuka, akasema maneno kwa Kigabra, na mmoja wa vijana akaacha kazi kidogo akasikiliza. Habari yangu ilikuwa imepata kazi.

Ndipo ikaja zamu yangu ya kuuliza. "Mzee, njia ya Kalacha ikoje?"

Akachora mchangani kwa fimbo. "Mbele utaona njia mbili. Moja mpya, imenyooka vizuri. Hiyo uiache. Ni ya lori lililozama. Shika ile kuukuu, Huri iwe mkono wako wa kulia."

Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Kilichobaki ni uwanda mkubwa, tambarare, wenye ganda la chumvi linalong'aa juani. Mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji huteremka na kutuama humo, na hata juu pakikauka, chini ya ganda hubaki tope. Macho ya mgeni huona uwanja mgumu na njia ya mkato. Nilipofika kwenye ile panda nikaiona njia mpya, nzuri kuliko ya zamani, alama za tairi zikiwa bado na kingo kali. Lau ningekuwa na ramani peke yake, ningeichukua. Nikaishika kuukuu, yenye mawe na mashimo, na jioni nikaingia Kalacha kwenye mikoma na chemchemi.

Usiku ule niliwaza sana kuhusu maswali ya yule mzee. Jangwani mvua hunyesha bonde hili ikaruka lile. Mfugaji hawezi kupanda mlima kila siku aone nyasi zimeota wapi. Hutegemea miguu na macho ya kila apitaye. Waafar wa Ethiopia, wanaoishi katika moja ya nchi zenye joto kali kuliko zote duniani, wameufanya utaratibu huu kuwa wajibu na wanauita dagu: wawili wakikutana njiani husimama, hukaa, hupeana habari za mvua, malisho, magonjwa na usalama, na anayeficha au kupotosha habari huvunja heshima yake. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Ng'ombe walikufa kwanza, wakafuata kondoo na mbuzi, na mwishowe hata ngamia. Katika hali kama hiyo, kujua siku moja mapema kwamba kuna majani mahali fulani ni mifugo iliyopona na watoto waliopata maziwa. Salamu ndefu za watu wa kaskazini zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Nikaendelea hadi North Horr, kisha Loiyangalani, nikipigwa na upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyojengwa kusini mwa mji huo. Kila nilipofika nilizima injini, nikasalimu, nikatoa habari zangu kwanza kabla ya kuomba za mwenyeji. Nilipopata mtandao nilimpigia mwenye duka wa Marsabit. Alishajua. Dereva wa lori alikuwa amempa habari kwamba pikipiki nyekundu imeonekana Kalacha.

Wengi huniuliza kama sikuogopa kwenda peke yangu. Niliogopa, na hofu ile ilinifaa, kwa maana ndiyo iliyonisimamisha kila palipokuwa na mtu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, na jangwani asiyeuliza hana pa kupata maji. Lakini kuuliza peke yake ni nusu ya adabu. Nusu ya pili ni kuwa na la kutoa: umeangalia njiani, umekumbuka, na unasema kweli hata kama kweli hiyo ni kwamba hukuona kitu.

Sisi wa mijini tumezikata salamu zetu. "Niaje," "poa," na kila mtu ameshapita. Jirani anaumwa wiki nzima tusijue. Kijana wa ploti yetu anatafuta kazi, na sisi tunamjua anayetafuta mfanyakazi, lakini hatukusimama muda wa kutosha habari hizo mbili zikutane. Tuna simu zenye kila kitu ndani, na bado watu wanazama kwenye matope ambamo mwenzao alitoka jana.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kesho ukitoka nyumbani, zima injini yako. Msalimie mtu mmoja kwa ukamilifu: muulize habari za watu wake, za kazi yake, za njia aliyopita, kisha ungoje jibu. Naye akikuuliza zako, usimjibu "nzuri" ukapita. Mwambie ulichokiona, kwa maana huenda ndicho anachokihitaji ili afike.