Panda Lushoto Mchana, Teremkia Pangani

Mwenzangu mmoja wa kazini alinijia mezani na bahasha kuukuu, mgongoni ameandika ratiba ya safari yake. Anaondoka Dar es Salaam Ijumaa baada ya kazi, analala Lushoto. Jumamosi anashuka Tanga. Jumapili asubuhi anaoga bahari Pangani, na jioni yuko nyumbani kwake. Garini atakuwamo mkewe, watoto watatu na mama mkwe wake. Aliniuliza jambo moja tu: petroli itakayotosha ni kiasi gani? Nikamrudishia bahasha yake na kumwambia, ndugu yangu, petroli tutaihesabu baadaye. Kwanza nieleze saa utakayofika Mombo.

Huenda nawe, ndugu msomaji, unayo bahasha kama ile. Siku za likizo zinakaribia, gari limenunuliwa kwa mkopo na kwa jasho, na watoto wamekwisha kuambiwa na wenzao shuleni habari za milima ya Usambara. Safari hii ni nzuri kupita nyingi ninazozijua katika nchi yetu, kwa kuwa katika siku chache inakupa baridi ya kuvaa sweta na joto la kuvua viatu, misitu na minazi, kabichi na samaki. Lakini ni safari ya kupangwa kuanzia mlimani. Mahali pengine pote ukikosea utachelewa tu. Kati ya Mombo na Lushoto kosa lina gharama nyingine, nami nitakusimulia jinsi nilivyokaribia kuilipa.

Mombo ni mji mdogo ulio chini ya milima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Hapo ndipo unapokata kulia kuanza kupanda. Ni kilometa 33 tu za lami hadi Lushoto, lakini katika kilometa hizo utapanda kiasi cha mita 1,000, kwa barabara nyembamba inayojikunja kama mkufu uliotupwa mezani: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo lenye mto chini yake. Mwenzangu, kwa hesabu yake, angefika hapo karibu na saa sita ya usiku, baada ya kazi ya kutwa na baada ya zaidi ya kilometa 300 za kufukuzana na malori. Kisha ndipo aanze kupanda, gizani, katika barabara asiyoijua, watoto wamelala. Nilimwambia alale Korogwe, au aondoke Jumamosi alfajiri na aongeze siku. Siku tatu hazitoshi. Tano zinatosha, na sita ni starehe.

Tuanze na majira. Mwezi wa Juni ndio bora kwa mfanyakazi mwenye watoto: shule zimefungwa, masika yamekatika, barabara zimekauka. Mlimani utakuta baridi kali, basi chukua mablanketi, wala usidanganywe na joto la Dar es Salaam siku ya kufunga mizigo. Desemba pia huwezekana, ingawa mvua za vuli zaweza kuwa hazijaisha. Machi hadi Mei usithubutu. Udongo wa milima ile ukishashiba maji huporomoka hadi barabarani, na pengine hushuka na mawe yake.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kuna njia mbili za kutoka mjini: ile ya Chalinze ambayo kila mtu anaijua, na ile ya Bagamoyo, ambako lami ya kilometa 64 inakutoa Bagamoyo na kukuunganisha na barabara kuu pale Msata. Mimi huchagua ya pili. Huepuki foleni zote za jiji, lakini huna haja ya kuandamana na malori ya Morogoro. Magofu ya Kaole yatawavuta watoto. Waambie mtayaona siku nyingine, maana saa za asubuhi ni mali ya mlima. Baada ya Msata utavuka mto Wami. Wazee wa barabara hii wanalikumbuka daraja la zamani, jembamba, gari moja moja, lenye mteremko mkali pande zote mbili. Daraja jipya lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020 limeondoa hofu ile. Kisha ni Mkata, Kabuku, na mwisho Segera, njia panda: kulia Tanga, kushoto Korogwe. Katika vijiji vyote hivi mwendo ni kilometa 50 kwa saa. Uufuate si kwa ajili ya askari wa usalama barabarani peke yao, bali kwa ajili ya mtoto anayevuka na ndoo ya maji kichwani.

Kuleni Korogwe. Hapo pia ndipo pa kujaza petroli, kutazama maji ya rejeta na kupima upepo wa matairi, pamoja na lile la akiba ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ya pancha. Waonyeshe watoto mto Pangani. Waambie wautazame vizuri, kwa sababu siku tatu baadaye watauona tena unamwagika baharini.

Kupanda kwenyewe si kugumu kwa mwenye subira. Piga honi kabla ya kona usiyoona mbele yake. Anayekufuata kwa haraka mpishe mahali penye nafasi, aende zake. Mwenye kuchafukwa na moyo aketi mbele na atazame mbali, na wote wapumzike Soni, karibu nusu ya njia, ambapo maporomoko ya maji yanaonekana karibu na barabara na hewa imekwisha kubadilika. Watoto wangu hapo ndipo hudai masweta yao.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ni mji wa kutembea kwa miguu. Weka gari, upumzike siku nzima. Nenda sokoni uone mboga zilivyopangwa: karoti, kabichi, viazi mviringo, na matunda ya nchi za baridi ambayo mtoto wa Manzese au Temeke huyaona vitabuni. Alasiri tembeeni hadi Irente, kama kilometa sita hivi. Njia inapita katika mashamba na nyumba za watu, kisha ghafula ardhi inakwisha. Umesimama juu ya genge, na chini yako kabisa, kiasi cha mita 1,000, iko nyika, barabara uliyokuja nayo ni uzi, na malori ni punje za mtama. Shika mikono ya watoto. Sijui mahali pengine ambapo nimemwona mtoto mtundu akinyamaza kwa hiari yake.

Sasa tufike kwenye kushuka.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa na mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Nilikuwa nimesikia kwa madereva wa mjini kwamba mteremkoni ukiondoa gia unabana mafuta, nami nilikuwa nahesabu kila lita. Basi kilometa chache chini ya Soni nikaweka gia huru, nikaacha gari litiririke, na kila kona nikakanyaga breki. Nilijiona fundi. Baada ya kona kadhaa ukaja mnuko kama wa mpira unaoungua. Mke wangu akauliza ni nini. Nikasema ni lori lililotutangulia. Kona iliyofuata, kanyagio la breki likaingia ndani laini, kama mguu uliokanyaga matope, na gari halikupunguza mwendo.

Nilivuta breki ya mkono, nikalazimisha gia ya pili, na usukani nikaupeleka upande wa mwamba. Tuliingia mferejini kwa kishindo. Binti yangu alipasuka mdomo. Hatua chache mbele ya pale tuliposimama palikuwa na kona ya kushoto, na ng'ambo ya kona hiyo hapakuwa na kitu ila vilele vya miti.

Lori la kabichi likasimama nyuma yetu. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufi, aliyatazama magurudumu yangu yanayofuka, akaninyang'anya dumu la maji nililotaka kuyamwagia. Chuma kilichopata moto namna ile, alisema, kikimwagiwa maji ya baridi chaweza kupasuka. Kiachwe kipoe chenyewe. Kisha akaniuliza nilipanda Soni kwa gia gani. Nikamjibu, ya pili. "Basi na kushuka ni hiyo hiyo," akasema. "Mlima huteremkwa kwa injini. Breki ni ya kusimamia."

Nilipofika mjini nilimwomba fundi anifafanulie. Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano ni moto. Ukikanyaga bila kupumzika kwa muda mrefu, moto hukosa nafasi ya kutoka, vitambaa hupoteza ukali wake, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta hayabanwi, lakini mapovu hubanwa. Nguvu ya mguu wako inaishia kubana mapovu. Injini iliyo katika gia ndogo, kwa upande wake, hulizuia gari bila kuchoka. Magari mengi ya siku hizi hubadili gia yenyewe, na wenye nayo hudhani somo hili haliwahusu. Linawahusu zaidi. Tafuta pale kwenye mti wa gia alama ya L, au namba 2, au alama ya kutoa na kujumlisha, ujifunze kuitumia ukiwa bado Dar es Salaam. Na juma moja kabla ya safari mpelekee fundi gari akague vitambaa vya breki na abadili mafuta yake yakiwa ya siku nyingi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya hoteli ya usiku mmoja.

Mama yangu hakusema neno mpaka tulipofika Mombo. Hapo akashuka, akachukua mfuko wake, akasema atarudi Dar es Salaam kwa basi. Na kweli alirudi kwa basi.

Ukishafika chini salama, safari yote iliyobaki ni mapumziko. Rudi Segera, ushike njia ya Tanga. Utapita Hale, ambako mwaka 1964 maji ya mto Pangani yalianza kutumika kuzalisha umeme, kisha mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama gwaride. Mmea huu ni mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane duniani. Muheza iko njia ya kupandia Amani, penye msitu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni mahali pa ajabu, lakini barabara ya vumbi ile yataka gari la juu na siku ya ziada. Ukiwa na gari dogo na watoto waliochoka, pita.

Tanga laleni siku moja au mbili. Mapango ya Amboni hayako mbali, na jioni ya Raskazone inatosha kumsahaulisha mtu wiki nzima ya kazi. Kutoka Tanga kwenda Pangani, kusini, utapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya karne ya 15. Barabara hii ya pwani, inayokusudiwa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo kwa lami, imekuwa katika ujenzi kwa muda. Ulizia hali yake Tanga kabla ya kuondoka, hasa ukitaka kuendelea kusini ya mto.

Pangani usihesabu siku kwa saa ya mkononi, hesabu kwa maji. Waulize wavuvi kama ni bamvua au maji mafu, yanakupwa saa ngapi na kujaa saa ngapi. Mbele ya mji huo kiko kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakijaa hulimeza lote. Asiyeuliza hukuta bahari tupu. Na pale mdomoni mwa mto, waitie watoto uwaonyeshe maji yale ya Korogwe. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyekufa yapata mwaka 1862, mamlaka ya mlimani Vuga yalifika hadi pwani hii, hivyo hatukuwa wa kwanza kuunganisha milima na bahari hii katika safari moja.

Ilinichukua miaka minne kumshawishi mama yangu apande tena nami Lushoto. Mara hii alidai kiti cha mbele. Kutoka Soni kushuka hakutazama miti wala mto; alisikiliza injini, na kila ngurumo yake ilipopungua alinigeukia na kuuliza, "Gia ngapi hiyo?" Pangani alikaa ufukweni na miguu yake majini mpaka maji yalipoanza kujaa. Siku ya kurudi tulipitia Muheza kununua machungwa. Acha nafasi ya kapu moja nyuma, chini ya mablanketi, na uondoke mapema ili mvuke Wami jua likiwa bado juu.